Mechi ya timu ya bolingi ya pini tisa: namna ya kujumlisha matokeo bila kumkosea mshindi

Karatasi nyingi ninazoletewa nizikague zina kosa lile lile. Aliyeandika amejumlisha pini zote zilizoangushwa na kila timu, akalinganisha jumla mbili, akamtangaza mwenye nyingi kuwa mshindi. Hesabu yenyewe huwa safi, ila aliyetangazwa mara nyingine siye.

Katika mechi ya kimataifa ya timu, pini ni malighafi tu. Pini huzaa seti, yaani fungu la mitupo 30, seti huzaa ushindi wa mtu mmoja dhidi ya mwenzake, na ushindi huo ndio huzaa pointi za timu. Ukiruka ngazi moja, zote za juu yake zinapinda. Mwongozo huu unakupandisha ngazi moja baada ya nyingine, kutoka mtupo mmoja hadi matokeo ya mwisho kama 5–3.

Ninaongelea mtindo wa Classic pekee, ule unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya timu chini ya WNBA, shirikisho la bolingi ya pini tisa. Ndio unaochezwa Ujerumani, Serbia, Kroatia, Slovenia, Hungaria, Austria, Ucheki na majirani zao. Mitindo mingine miwili, Schere na Bohle, ina njia zake (mikondo ambayo tufe hupita kwenda kwenye pini) na hesabu zake. Usiitumie karatasi hii huko.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi 6 za mapambano, moja kwa kila jozi ya wachezaji, na karatasi 1 ya muhtasari.
- Kalamu za rangi mbili: moja ya wenyeji, nyingine ya wageni. Usibadilishe rangi katikati.
- Orodha ya wachezaji 6 wa kila timu kwa mpangilio wa kucheza, pamoja na majina ya akiba.
- Saa yenye sekunde.
- Kikokotoo. Hata kama kichwa chako ni kizuri, saa ya tatu ya mechi kichwa huchoka.
- Ramani ya kubadilishana njia. Nimeieleza katika Hatua ya 2.

Kama ukumbi una ubao wa umeme, usiuache ukufanyie kazi yote. Ubao unaonyesha namba. Wewe unaandika ili namba hizo ziweze kukaguliwa baadaye. Kwenye mbao nyingi utaona vifupisho vya Kijerumani: SP ni pointi za seti, MP ni pointi za timu. Vizoee mapema.

Hatua ya 1: Sahau bolingi ya pini kumi

Hii naiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayowaangusha hata watu makini. Waliozoea pini kumi huja na desturi ya kuongeza pini za ziada mtu akiangusha zote kwa mkupuo. Huku hakuna nyongeza ya aina yoyote. Pini iliyoanguka ni 1. Zikianguka 9 ni 9, na mtupo unaofuata unajitegemea.

Vifaa vyenyewe vinatofautiana pia. Tufe lina kipenyo cha sentimita 16, halina matundu ya vidole, na uzito wake hauzidi sana kilo 2.8. Mchezaji hulishika kwa kiganja, hukimbia hatua chache, kisha hulilaza juu ya ubao mwembamba wa kulazia. Kutoka mstari wa mwisho hadi pini ya mbele ni mita 19.5. Pini hupangwa kwa umbo la almasi: 1 mbele, 2 nyuma yake, 3 katikati, 2 tena, na 1 mwisho kabisa. Namba 5, iliyo katikati, ndiyo inayoitwa mfalme.

*Umefanikiwa ikiwa:* karatasi yako haina mahali popote pa kuandikia nyongeza. Kuna kisanduku kimoja kwa kila mtupo, basi.

Hatua ya 2: Panga jozi na uandike kwa mtu, kamwe usiandike kwa njia

Timu ina wachezaji 6. Mchezaji wa kwanza wa wenyeji hupambana na wa kwanza wa wageni, wa pili na wa pili, hadi wa sita. Kwa hiyo kuna mapambano 6 ya watu wawili wawili.

Ukumbi wenye njia 4 hubeba mapambano 2 kwa wakati mmoja, hivyo mechi huwa na awamu 3. Kila mchezaji hutupa mara 120: mara 30 katika kila njia, kwenye njia zote 4. Mitupo 30 ya njia moja ndiyo inayoitwa seti.

Na hapa ndipo karatasi nyingi hufia. Baada ya kila seti wachezaji huhama. Kwanza wapinzani hubadilishana njia wao kwa wao. Kisha huvuka kwenda upande wa pili. Halafu hubadilishana tena. Ramani ya njia 4 ni hii:

- Anayeanza njia ya 1: 1, 2, 4, 3.
- Anayeanza njia ya 2: 2, 1, 3, 4.
- Anayeanza njia ya 3: 3, 4, 2, 1.
- Anayeanza njia ya 4: 4, 3, 1, 2.

Ukiwa umechora karatasi yako kwa njia, yaani "Njia ya 1, Njia ya 2", basi seti ya tatu itakuta namba za mtu wa pambano la kwanza zimeingia kwenye pambano la pili. Kibaya zaidi, jumla za timu zitabaki sahihi, kwa kuwa pini zote zipo. Hutagundua chochote mpaka mtu asimame kudai seti yake. Nimewahi kukaa na karatasi ya namna hiyo usiku mzima nikijaribu kuwarudisha watu kwenye nafasi zao. Pini zilikuwepo zote. Zilikuwa kwa watu wasio wao.

Kwa hiyo, juu ya kila karatasi ya pambano andika majina mawili tu. Chini yake weka mistari minne: seti ya 1, 2, 3 na 4. Namba ya njia iandike kwa udogo pembeni, kama kumbukumbu.

*Angalizo:* kumbi zenye njia 6 au 8 huendesha mapambano 3 au 4 kwa pamoja na ramani yao ni nyingine. Muombe mwamuzi ramani kabla ya mtupo wa kwanza.

*Umefanikiwa ikiwa:* unaweza kunyooshea kidole mchezaji yeyote aliye uwanjani na kusema bila kufikiri yuko karatasi ipi na mstari upi.

Hatua ya 3: Gawa kila seti mara mbili

Mitupo 30 ya seti si ya aina moja. Ya kwanza 15 ni ya *pini zote*: kila mtupo hukuta pini 9 zimesimama, hata kama uliopita uliacha 4. Ya pili 15 ni ya *kufagia*: pini zilizosalia hubaki zilivyo hadi zianguke zote, ndipo mashine inasimamisha 9 mpya.

Huu hapa mfano wa seti nzima, mtupo kwa mtupo.

Pini zote: 6, 7, 5, 8, 6, 9, 4, 7, 6, 7, 5, 8, 6, 7, 8. Jumla 99.

Kufagia: 7, 2 | 6, 0, 2, 1 | 8, 1 | 5, 3, 1 | 7, 2 | 6, 2. Jumla 53.

Seti: 99 + 53 = 152.

Mkwaju mdogo niliouweka kwenye mstari wa kufagia unaonyesha kila mara pini 9 zilipokwisha. Uweke na wewe. Kati ya mkwaju na mkwaju lazima jumla iwe 9. Ikiwa 8 au 10, umekosea kuandika mtupo mmoja, na umelijua kosa ndani ya nusu dakika badala ya nusu saa.

Sasa itazame ile 0 ya mtupo wa nne. Zilikuwa zimesalia pini 3, tufe likapita bila kugusa kitu. Iandike. Waandishi wengi huiruka wakidhani sifuri haibadilishi jumla. Kweli haibadilishi jumla, lakini inabadilisha idadi ya mitupo: ukiiacha utakuwa na visanduku 14 wakati mchezaji ameshamaliza 15, na utaanza kungoja mtupo usiokuja. Mwishoni mwa mstari pini 1 ilibaki imesimama. Hiyo inaachwa hapo hapo. Kwenye njia inayofuata mchezaji anaanza na 9 mpya.

Kwenye kufagia ndiko mechi za kiwango cha juu zinakoamuliwa. Wachezaji wazuri hawapishani sana kwenye pini zote. Tofauti huja pale mtu anapobakiwa na pini mbili zilizo mbalimbali, moja kushoto kabisa na nyingine kulia, akalazimika kutumia mitupo miwili au mitatu kuzitoa. Kila mtupo unaoleta pini 1 ni mtupo ambao ungeweza kuleta 7.

*Umefanikiwa ikiwa:* una visanduku 30 vilivyojaa, 15 na 15, na kila kipande cha kufagia isipokuwa cha mwisho kinatoa 9.

Hatua ya 4: Jua mtupo gani hauhesabiwi

Si kila pini iliyolala ni halali. Andika 0 pale ambapo:

- Tufe limeanguka pembeni mwa njia kabla ya kufika kwenye pini.
- Pini imeangushwa na tufe lililogonga ukuta wa nyuma na kurudi. Kama pini nyingine zilianguka kihalali, hizo zinahesabiwa. Ile ya mrejesho haimo.
- Mwamuzi amefuta mtupo kwa kosa la mchezaji, kwa mfano kukanyaga nje ya mstari. Kosa la kwanza huleta kadi ya njano, yaani onyo; likirudiwa, pini za mtupo huo hazihesabiwi.

Kadi uiandike palepale pamoja na namba ya mtupo. "Njano, seti ya 2, mtupo wa 11" inatosha. Kumbukumbu ya kichwani haifai, kwa sababu kosa la pili linaweza kuja saa nzima baadaye.

Jambo lingine ni muda. Kila seti ina dakika 12. Zikiisha, mitupo iliyobaki imepotea. Visanduku vyake vijaze 0, usiviache wazi. Hitilafu ya mashine husimamisha saa, hivyo usikimbilie kuandika sifuri pale kamba za mashine zinazoinua pini zinapojisokota. Kabla ya seti ya kwanza kuna dakika 5 za kujaribu njia. Usiandike chochote humo, hata kama mtu anaangusha 9 mfululizo.

*Umefanikiwa ikiwa:* namba yako na ya ubao zinalingana mwisho wa kila seti. Zisipolingana, mwite mwamuzi kabla wachezaji hawajahama. Wakishahama, ushahidi wa pini umesharudishwa juu.

Hatua ya 5: Toa pointi za seti

Ngazi ya kwanza ya ushindi ni hii. Katika kila seti, mwenye pini nyingi kuliko mpinzani wake anapata pointi 1 ya seti. Wakilingana, kila mmoja anachukua nusu.

Ukubwa wa tofauti hauna maana hapa. Kushinda seti kwa pini 1 na kushinda kwa pini 40 kunaleta pointi ile ile 1. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umetulia, maana ndiyo roho ya mfumo wote.

Kuanzia hapa natumia mechi moja ya mfano niliyoitunga, tuite wenyeji A na wageni B. Namba ya A hutangulia.

- Pambano la 1: 161–134, 139–143, 150–131, 142–148. Seti 2–2.
- Pambano la 2: 141–139, 144–142, 128–163, 146–143. Seti 3–1.
- Pambano la 3: 147–147, 152–149, 139–145, 150–158. Seti 1.5–2.5.
- Pambano la 4: 145–143, 140–137, 138–141, 148–139. Seti 3–1.
- Pambano la 5: 140–151, 133–148, 136–150, 139–153. Seti 0–4.
- Pambano la 6: 150–141, 131–146, 149–144, 147–152. Seti 2–2.

*Umefanikiwa ikiwa:* pointi za seti za kila pambano zinajumlika kuwa 4, na za mechi nzima 24. Hapa A ana 11.5 na B ana 12.5. Zimetimia.

Hatua ya 6: Toa pointi za timu, moja kwa kila pambano

Swali la kwanza: nani ana seti nyingi? Huyo analetea timu yake pointi 1. Usiangalie pini.

Swali la pili unaliuliza tu ikiwa seti ni 2–2: nani ana pini nyingi kwenye mitupo yote 120? Huyo ndiye mshindi. Ikiwa hata pini zimelingana, kila timu inapata nusu pointi.

Twende kwenye mfano.

Pambano la 1 ni 2–2, pini 592–556. Pointi kwa A.

Pambano la 2 ndilo la kulitazama kwa makini. A ana pini 559, B ana 587. Mchezaji wa B ameangusha pini 28 zaidi, na pale alipowaka, katika seti ya tatu, alipiga 163. Hata hivyo amepoteza. Seti tatu zilimponyoka kwa pini 2, 2 na 3. Pointi ni ya A. Aliyejumlisha pini tu atampa B, na hapo ndipo karatasi inapoharibika.

Pambano la 3 ni 588–599, B kwa seti. La 4 ni 571–560, A kwa seti. La 5 ni 548–602, B bila ubishi. La 6 ni 2–2, kwa hiyo tunashuka kwenye pini: 577–583. B kwa pini 6.

Mapambano 6 yamekwisha na ni 3–3.

*Umefanikiwa ikiwa:* pointi za mapambano zinajumlika kuwa 6, na pembeni ya kila moja umeandika "kwa seti" au "kwa pini". Neno hilo moja litakuokoa mtu akija kuuliza.

Hatua ya 7: Sasa ndipo ujumlishe pini za timu

Zamu ya jumla kubwa imefika. Timu yenye pini nyingi kwa wachezaji wote 6 inapata pointi 2 za timu. Zikilingana, kila timu 1.

A: 592 + 559 + 588 + 571 + 548 + 577 = 3,435.
B: 556 + 587 + 599 + 560 + 602 + 583 = 3,487.

B anazidi kwa pini 52, anachukua 2. Mechi imekwisha 3–5, B ameshinda.

Pointi hizi 2 husahauliwa mno, hasa na mtu aliyekwisha kuelewa kwamba seti ndizo zinazoamua. Anaruka kutoka kosa moja hadi lingine: mwanzo alihesabu pini tu, sasa hazihesabu kabisa. Pini za timu zina uzito wa mapambano mawili. Ndiyo sababu mchezaji ambaye pambano lake limeshapotea 0–3 bado anapigania kila pini kwenye njia ya mwisho: pengine yeye ndiye anayebeba zile 2.

*Umefanikiwa ikiwa:* jumla ya pointi za timu ni 8. Si 6, si 7. Matokeo yanayowezekana ni kama 8–0, 7–1, 5–3 au 4–4, na nusu hujitokeza pale pambano linapolingana kila kitu.

Hatua ya 8: Soma mechi ikiwa bado inaendelea

Nahodha anapokuja mezani kabla ya awamu ya tatu hataki hadithi. Anataka kujua timu yake inahitaji nini. Andaa mistari miwili.

Katika mfano wetu, baada ya mapambano 4, A anaongoza 3–1, na pini ni 2,310 kwa 2,302. Anaongoza kwa pini 8.

Tuchukulie hakuna pambano wala jumla itakayolingana. A anahitaji 5 ili ashinde. Ana 3. Zile 2 za pini zinamtosha, hata akipoteza mapambano yote mawili yaliyobaki. Akishinda mapambano yote mawili, zinamtosha pia. Akishinda moja bila pini, ni sare.

B ana 1. Hana njia ila moja: ashinde pambano la 5, la 6, na jumla ya pini. Vyote vitatu.

Mambo mawili hayo ukiyasema kwa sauti, watu wa pande zote wanajua wanachochezea. Pambano la 5 likaenda 0–4 na pini 54, kwa hiyo pini za timu zikahamia B. Yote yakabaki kwa pambano la 6.

Hebu tulitazame likiingia njia ya mwisho. A ana seti 2, B ana 1. Pini ni 430 kwa 431. Mchezaji wa A akipata hata sare kwenye seti hii, pambano ni lake 2.5–1.5. Wa B lazima ashinde seti, na akiishinda tayari anaongoza pini, hivyo 2–2 itamwangukia yeye. Mitupo 30 ya mwisho imetoka 147–152. Mwandishi aliyekuwa na jumla ya seti na ya pini upande kwa upande alijua maana ya kila pini iliyokuwa ikianguka. Aliyekuwa na jumla moja tu aliona watu wanapiga kelele bila kujua kwa nini.

Hatua ya 9: Mchezaji akitolewa

Mchezaji wa akiba akiingia, hafungui karatasi mpya. Anaendelea kwenye mstari ule ule, kisanduku kinachofuata. Pini za aliyetoka na za aliyeingia ni matokeo ya nafasi moja.

Chora mstari wima kwenye mtupo alipoingilia na uandike jina lake juu. Mfano: "kuanzia mtupo wa 61". Aliyetoka harudi katika mechi hiyo, kwa hiyo jina lake lifunge kwa mstari kwenye orodha yako. Idadi ya mabadiliko inayoruhusiwa iandike juu ya karatasi ya muhtasari kabla ya kuanza, kama ilivyo kwenye kanuni za shindano lenyewe, ili nahodha asikushawishi wakati wa joto.

Hatua ya 10: Ikitoka 4–4

Kwenye ligi au hatua ya makundi, 4–4 ni sare na kazi yako imekwisha. Kwenye mtoano lazima mmoja asonge, na hapo zile pointi 24 za seti ulizozitunza zinarudi kazini: mwenye seti nyingi anapita.

Turudi kwenye njia ile ya mwisho ya pambano la 6. Tuseme mchezaji wa A angepata 152 badala ya 147, pini 5 zaidi. Seti ingelingana, pambano lingekuwa la A kwa 2.5–1.5, na mechi ingekuwa 4–4. Hesabu seti: A anapanda hadi 12, B anashuka hadi 12. Zimelingana.

Angepata 153, pini 6 zaidi? Seti ni yake, pambano 3–1, mechi 4–4, seti 12.5 kwa 11.5. A anasonga mbele, ingawa B bado ana pini 46 zaidi kwenye jumla kubwa.

Kwa 12–12 mechi huamuliwa kwa mitupo ya nyongeza, ambayo utaikuta ikiitwa Sudden Victory. Chukua karatasi mpya kabisa. Pini za nyongeza haziingii kwenye 3,435 wala 3,487. Zinaamua nani anapita tu, na matokeo ya mechi yanabaki 4–4 kwenye kumbukumbu.

Kisha pitia namba nne za ukaguzi kwa mpangilio huu: visanduku 120 kwa kila nafasi, seti 4 kwa kila pambano, seti 24 kwa mechi, pointi 8 kwa timu mbili. Zikikaa sawa, wape manahodha wote wawili karatasi waisome wakiwa wamekaa, halafu watie sahihi, na mwamuzi awe wa mwisho kutia yake.